Pumzi kutoka Ohio

"Nimemtumia mtoto pumzi." Ndivyo alivyoanza dada yetu katika ujumbe wa sauti uliotufikia usiku, sisi tumelala, kwao Ohio jua halijazama. "Mkiipata mashine, itundikeni ukutani, isikae chini. Na mtu asiiwashe kabla yaya hajaiona."

Yaya ni kaka yetu mkubwa, seremala, na nyumba tunayoishi hapa Mbarara, Uganda, ameipanga yeye. Mtoto ni binti yangu wa miaka tisa. Ana pumu tangu siku za kubebwa mgongoni.

Anayeishi Nakivale hahitaji kuelezwa vumbi humfanya nini mwenye pumu. Makazi yale ya wakimbizi ni ya zamani. Yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu hapo yamepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata leo mtu anatembea kutoka kijiji hadi kijiji akisikia lugha zikibadilika kama masafa ya redio. Sisi tulitoka Rutshuru, Kongo, mwaka 2008, tukavuka mpaka wa Ishasha, tukaletwa wilaya ya Isingiro juu ya lori. Udongo wa huko ni mwekundu. Kuanzia Juni hadi Agosti, lori moja likipita barabarani wingu lake linabaki juu ya mapaa muda mrefu baada ya mlio kupotea. Asubuhi mama alikuwa akifuta upya sufuria alizoziosha jioni. Binti yangu alizaliwa humo, akajifunza kutembea humo, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi humo.

Kifua hicho ndicho kilichonileta mjini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kusafiri ndani ya nchi na kufanya kazi, na yaya alikuwa ametangulia. Nikaja na mtoto na cherehani. Hospitali ya rufaa iko hapa hapa, hilo ndilo nililoliwaza. Sikuwaza kwamba namtoa mtoto kwenye vumbi la barabara namtia kwenye vumbi la msasa. Uani yaya anapiga randa kutwa; sebuleni mimi nakata vitambaa, na manyoya ya nguo yanaruka hadi kwenye maji ya kunywa. Wifi yangu alikuwa akifagia mara nne kwa siku. Kila akifagia, mtoto anakohoa, kwa sababu ufagio mkavu huondoa takataka lakini vumbi laini huliinua tu, nalo hushuka polepole likipitia puani mwa watu.

Dada alihamishiwa Marekani na sasa anafanya usafi katika shule moja. Huko aliona kifyonza vumbi kilichotundikwa ukutani kwenye karakana ya shule: mota na pipa viko juu, mpira mrefu unafika kila pembe, sakafu inabaki wazi. Shule ilipobadilisha vifaa, akakinunua kile cha zamani kwa bei ndogo. Akatusimulia na jambo ambalo mimi nimelipenda tangu siku ile. Katika jimbo hilo hilo la Ohio, mji wa Canton, aliishi mfagizi wa duka kubwa, James Murray Spangler, naye alikuwa na pumu. Vumbi la kazi lilikuwa likimuua. Mwaka 1907 akaunganisha mota ndogo ya umeme, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya kunasia vumbi, na mwaka 1908 akapata hataza. William Hoover aliinunua hataza hiyo, na jina la Hoover ndilo dunia inalolikumbuka. Lakini mashine yenyewe ilitoka kwenye kifua cha mfagizi kilichokuwa kikibana. Dada yangu ni mfagizi. Nilipolisikia hilo niliamini kwamba mashine inakuja kwetu kwa haki.

Sanduku lilipofika, jambo la kwanza tulilofanya lilitoka kwenye upendo: tulilipeleka Nakivale, alikobaki mama, alione. Karibu kilomita sitini kutoka Mbarara, na sehemu ya mwisho ni mashimo matupu. Mama alitandika mkeka, tukakitoa kifyonza mbele ya majirani. Alikizunguka, akaligusa pipa, akauliza swali moja: "Kinakula nini?"

"Umeme, mama."

Akaelekeza kidole juu ya paa. Pale pana paneli ya jua ya wati 50; inawasha taa tatu na kuchaji simu. Yaya akakipindua kifyonza ili asome kibandiko cha chini: volti 120, ampea 9. Volti mara ampea unapata wati: 1,080. Zingehitajika paneli ishirini na mbili kama ile ya mama, tena jua likiwa utosini. Kisha mama akagonga sakafu kwa kisigino. Ni udongo ulioshindiliwa na kusiribwa. "Vumbi langu ndiyo sakafu yangu," akasema. "Mkilivuta lote mtaniachia shimo." Na ukuta wake ni miti na udongo, picha ya marehemu baba imepigiliwa kwenye nguzo, maana mahali pengine msumari haushiki.

Namna yake ya kusafisha anaijua na ni sahihi kwa nyumba ile. Ananyunyiza maji kwa vidole, anangoja yanywewe, anafagia kuelekea mlangoni, halafu anapitisha kitambaa kibichi kwenye dirisha na vitanda. Vumbi lililolowa haliruki. Nawaambia wenye watoto wa pumu walioko makazini: hilo linatosha kupunguza mengi, nalo halihitaji sanduku kutoka ng'ambo.

Swali la mama ndilo lililoiokoa mashine. Kama yaya asingekipindua kifyonza kwa ajili ya hesabu ile, tungekichomeka Mbarara siku iliyofuata. Umeme wa Uganda ni volti 240. Marekani na Kanada wanatumia 120. Kifaa chao ukikipa umeme wetu kinapata msukumo mara mbili, na joto ndani ya nyaya linaweza kufika mara nne. Mota inalia kwa kasi isiyo yake, inatoa moshi, inakufa. Kibaya zaidi ni kwamba madukani kuna vigeuza plagi vya bei nafuu ambavyo hubadilisha umbo la meno tu. Muuzaji mmoja alituambia hicho kinatosha. Hakitoshi. Kinaruhusu meno mawili bapa ya Marekani kuingia kwenye tundu letu la pini tatu, basi. Volti zinapita vile vile zilivyo. Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha volti, na uwezo wake uzidi kwa mbali wati za mashine, kwa kuwa mota ikianza kuzunguka huvuta zaidi. Ya wati 1,080 tuliinunulia transfoma ya wati 2,000. Niliilipia kwa sare za shule nilizoshona muhula mzima.

Ukuta ndio uliotutesa zaidi.

Tulichagua mahali kwenye korido kati ya sebule na uani, juu ya soketi, ili waya usivuke mlango. Kijana wa jirani ana drili ya umeme, akaja jioni kutusaidia bila malipo. Akapima kwa macho, akaweka ncha ya drili wima juu ya soketi, usawa wa kifua, akabonyeza. Tulisikia mlio kama kuni mbichi ikipasuka, cheche ya buluu ikaruka, nyumba nzima ikawa giza. Kijana alisimama na drili mkononi, ncha yake imeungua ikawa nyeusi. Yuko hai kwa sababu breka ya kwenye boksi la umeme ilikata papo hapo, na kwa sababu drili yake ilikuwa na ganda la plastiki.

Nyaya zilizofukiwa ukutani zina desturi zake. Kwenye nyumba nyingi zinashuka kutoka darini moja kwa moja hadi kwenye soketi au swichi, au zinakwenda mlalo kutoka soketi hadi soketi. Kwa hiyo palipo wima juu ya soketi, na mlalo kando yake, ndipo mahali pa hatari kuliko kote ukutani, ingawa ndipo macho yanapopachagua kwa ajili ya uzuri. Sogea pembeni nusu mita. Zima umeme wa nyumba kwenye boksi, na drili ikiwa ya umeme, omba ya betri au utumie tindo na nyundo. Sisi tulilijua hilo baada ya kijana wa watu kutetemeka mikono hadi saa tatu usiku. Wifi alimpa uji, mama yake akaja kumchukua. Nilimwomba radhi mama huyo, na hata sasa nikikutana naye njiani namwamkia kwa unyenyekevu.

Fundi wa umeme alikuja kuunganisha waya uliotobolewa. Tukasogeza mahali. Sasa matofali. Nyumba hizi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma ya huku huku, na tanuru la kienyeji halichomi sawasawa: lililokuwa katikati ya moto ni gumu kama jiwe, lililokuwa pembeni unaweza kulikwangua kwa kucha. Juu yake yote inapigwa lipu, ukuta unaonekana mmoja. Tulitoboa matundu mawili, tukatia vigingi vya plastiki, tukakaza skrubu, tukatundika. Kilikaa siku kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili kilianguka na kipande cha lipu kikubwa kama sinia. Kilianguka kwenye beseni la nguo na kulipasua vipande viwili. Mtoto alikuwa amepita hapo kwenda chooni muda si mrefu.

Kifyonza kile peke yake kina uzito wa kilo nane hivi. Ongeza vumbi lililojaa. Ongeza mpira wa mita tisa na mkono wa mtu anayeuvuta, maana kila ukivuta mpira unauvuta ukuta. Skrubu mbili kwenye tofali moja bovu haziwezi.

Yaya hakusema neno. Kesho yake aliacha kitanda cha mteja, akachukua ubao wa mkalitusi uliokauka vizuri, unene wa sentimita tano, urefu wa mita moja. Akagonga ukuta kwa nyundo ndogo, tofali moja baada ya jingine, ameweka sikio karibu kama daktari. Lenye mlio wa kengele akaliwekea alama ya chaki, lenye mlio wa boga akaliacha. Akapata manne mazuri yaliyo mbalimbali. Akatoboa katikati ya kila tofali, mbali na viungo vya saruji, akapitisha bolti za kutanuka za sentimita kumi, akakaza ubao ukutani kwa pimamaji. Ndipo akafunga kibano cha chuma kwenye ubao kwa skrubu za mbao. Mwisho akajining'iniza. Mwanamume wa kilo sabini na tano aliukumbatia ubao ule na kukunja miguu, ubao ukatulia. "Sasa mleteni mgonjwa wetu," akasema, na sijui alimaanisha mashine au mtoto.

Miezi minne ilipita vizuri, na lazima niiseme kwa haki. Wifi alikuwa akipitisha mpira chini ya cherehani kila nikimaliza kazi, na uani kwa yaya jioni. Nusu saa kwa siku ni zaidi kidogo ya nusu uniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, tuliimudu. Mtoto alianza kulala hadi alfajiri. Sisemi mashine ni dawa. Dawa yake ya kuvuta tuliendelea nayo kama daktari alivyoagiza, na mtu asije akaiacha kwa sababu amenunua kifyonza. Pia tulijifunza kwamba kichujio kikiwa kimechakaa, mashine humeza vumbi kwa mbele na kulitema laini zaidi kwa nyuma, na hilo laini ndilo adui wa kifua. Pipa tulilimwaga uani, mtoto akiwa chumbani, pua zimefungwa kitambaa. Kichujio tulikipigapiga nje, tukakisafisha kila wiki, kikipasuka hakifai tena.

Kisha mama alikuja kutoka Nakivale.

Ilikuwa Jumapili. Alikuja kuiona mashine ikifanya kazi, ndiyo mara yake ya kwanza kuja kulala kwetu mjini. Wifi aliamka mapema nyumba ing'ae. Akafagia, akafyonza sebule, akafyonza korido, akafika pembe ya jikoni tunapoweka sigiri usiku. Hapo jivu lilikuwa limemwagika, jeupe, laini, la makaa ya jana jioni. Aliligusa juu kwa kiganja. Baridi. Akapitisha mpira. Jivu lote likaingia, sakafu ikabaki safi kama sahani. Alizima mashine, akaenda kuoga.

Mimi nilikuwa nakaza vifungo vya gauni. Harufu ya kwanza ilikuwa kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, nikatazama pasi yangu, imezimwa. Nikaendelea. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameketi, kikombe cha chai mkononi. Akainua pua. "Kuna moto unaopumua," akasema.

Nilipofika koridoni, moshi wa kahawia ulikuwa unatoka mahali mota inapokutana na pipa. Upande mmoja wa pipa ulikuwa umelegea, plastiki inashuka kama nta. Rafu iliyokuwa hatua tatu kutoka pale ilikuwa na kopo la thina ya yaya ya kuchanganyia vanishi.

Yaya alikuja mbio. Kwanza alichomoa plagi kwenye soketi, jambo ambalo namshukuru Mungu hakulisahau, kwa sababu mimi tayari nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Maji juu ya mashine iliyochomekwa yangetuua wawili. Nikachukua kopo la thina nikalitoa nje. Yaya akazungusha gunia bichi mikononi, akakinyanyua kifyonza kutoka kwenye kibano, akakibeba hadi uani na kukilaza kwenye rundo la mchanga. Nilitaka kufungua pipa nione. "Usifungue!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Ukifungua, hewa inaingia, kinachofuka kinalipuka. Tulikifukia kwa mchanga, tukamwaga maji juu yake, tukasimama mbali.

Mama hakuwa nasi. Alikuwa ameshamtoa binti yangu kitandani kupitia mlango wa mbele, amemfunika uso kwa khanga yenye maji, ameketi naye ng'ambo ya barabara. Mtoto alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Tulimpa dawa yake ya kuvuta, mpulizo baada ya mpulizo, tukapanda bodaboda kwenda hospitali. Tulilala huko usiku mmoja. Nilihesabu pumzi zake hadi mwanga ulipoingia dirishani.

Wifi alilia siku mbili. Nataka aliyesoma hapa aelewe kwamba hakufanya uzembe. Aligusa jivu, alilikuta baridi, alifanya kazi ambayo mashine ilinunuliwa kuifanya. Tulichokisahau sote ni kitu ambacho kila mmoja wetu alikijua tangu utotoni, na mama ndiye aliyetukumbusha, mtoto aliporudi nyumbani.

"Kule Rutshuru," alisema, "nilikuwa nahifadhi vipi moto hadi asubuhi?"

Tulinyamaza, kwa kuwa tulikumbuka. Alikuwa analifukia kaa kwenye jivu. Kaa lililofukiwa halipati hewa ya kulimaliza wala baridi ya kulizima, linalala. Alfajiri anafukua, anapuliza mara mbili, moto umeamka bila kiberiti. Tumekulia kwenye moto uliohifadhiwa kwa jivu, na makazini Nakivale alifanya vivyo hivyo kiberiti kilipokosekana. Jivu la juu likawa baridi kama uji wa jana, na kaa la ukubwa wa punje ya hindi likawa zima ndani yake, usiku kucha na zaidi.

Na kifyonza kinalifanyia nini kaa hilo? Yaya alilieleza kwa kazi za mikono, akalilinganisha na mvukuto wa mhunzi. Mhunzi anasukuma hewa kwenye makaa ili yawake. Kifyonza kinavuta hewa kwa nguvu kupitia kila kilichomo pipani. Ni mvukuto uliogeuzwa. Na ndani ya pipa letu kaa lile lilikuta nini? Vumbi la msasa la mbao kavu, na manyoya ya vitambaa vyangu. Kama mtu angetaka kutengeneza kiberiti kikubwa asingechagua vitu vingine. Hivyo unga wa mbao haupaswi kulala pipani hata siku moja, uwe na jivu au usiwe nalo. Na thina, petroli, mafuta ya taa, hata mvuke wake, visikaribie mota ya aina hii: ndani yake brashi za kaboni hutoa cheche ndogo ndogo kila inapozunguka, ukiitazama gizani kupitia matundu unaziona.

Baada ya hapo hatukutaka tena kubahatisha. Tulimtafuta fundi mwenye kibali. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme hapa Uganda hutoa vibali vya mafundi kwa madaraja, na una haki ya kuomba kukiona kabla fundi hajafungua boksi lako. Alikuja mzee mtulivu, akauliza kama tuliwahi kusikia mkono ukichonyota tukishika transfoma. Mimi nilikuwa nimesikia. Miezi yote minne, nikigusa kasha lake la chuma nikiwa peku, kitu kama sisimizi kilinitembea vidoleni, nikadhani ndivyo transfoma zilivyo.

Mzee alifungua soketi. Waya wa kijani na manjano, ule wa ardhi, ulikuwepo. Akaufuata hadi kwenye boksi kuu, na huko aliukuta umekatwa na kukunjwa, haujaunganishwa na kitu. Nje ya ukuta hapakuwa na nondo ya shaba. Pini ya tatu ya soketi zote za nyumba ilikuwa pambo. Siku umeme ungevujia kwenye lile kasha, njia pekee ya kushuka ardhini ingekuwa mwili wa mtu aliyelishika, na anayelishika zaidi ni mimi, na anayecheza karibu nalo ni mtoto. Alipigilia nondo ya shaba kwenye udongo mbichi karibu na bomba la maji ya kufulia, akaunganisha waya, akapima. Kwenye boksi akaweka kifaa kinachokata umeme chenyewe ukianza kuvuja, kile cha miliampea 30. Gharama tuligawana na mwenye nyumba baada ya mazungumzo marefu yenye heshima. Transfoma nayo akaihamisha kutoka chini ya rundo la vitambaa, ikakaa kwenye rafu yenye hewa pande zote, kwa kuwa inapofanya kazi hupata joto.

Kati ya yote yaliyotupata, hilo la waya wa ardhi ndilo linalonikosesha usingizi. Cheche ilionekana, kuanguka kulisikika, moto ulinuka. Waya uliokatwa haukutoa ishara isipokuwa sisimizi wale, na mimi niliwazoea.

Dada alituma pipa jipya na vichujio viwili. Vilichukua miezi mitano kufika. Mota ilikuwa nzima. Yaya aliparura ubao ulioungua, upande mmoja umebaki mweusi, akakataa kuubadilisha. Kopo la thina linakaa kwenye kibanda nje. Jivu tunalizoa kwa koleo, linaingia kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, ndoo inakaa uani juu ya mawe siku nne kamili kabla ya kumwagwa kwenye migomba. Pipa linamwagwa kila jioni. Plagi inachomolewa kila baada ya kazi, na mpira unaviringishwa juu ya ndoano ambayo mtoto hafikii. Mama alikuja tena, akakaa mwezi mzima, akaiona mashine iliyorudi ikifanya kazi, akasema ni kitu chema kwa nyumba yenye sakafu ya saruji. Akarudi Nakivale kwenye ufagio wake na maji ya vidole.

Ndugu unayesoma haya ukingoja sanduku kutoka kwa mtu wako aliye Marekani au Kanada: mpigie leo, mwambie akutumie picha ya kibandiko cha volti kabla hajalipia usafiri. Na ndoo ya bati ya jivu inunue kwanza, iwepo nyumbani siku sanduku litakapofika.